Kiingereza cha kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayeishi kwa Kiswahili kutwa nzima, lakini kazini anatakiwa kuandika barua pepe, ripoti na mihutasari ya vikao kwa Kiingereza. Maswali yameanza na mambo ya msingi. Yale yanayojitokeza mara chache yako mwishoni. Pale ambapo jibu liko kwingine, tumekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

1. Nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Kwa nini bado nakosea?

Kwa sababu makosa mengi ya watu wetu hayaletwi na kutojua Kiingereza, yanaletwa na kukijua Kiswahili vizuri. Kichwa kinatunga sentensi ya Kiswahili, mkono unaandika maneno ya Kiingereza. "Explain me the procedure" ni "nieleze utaratibu". "I have received it yesterday" ni "nimeipokea jana". Kwa Kiswahili zote mbili ni safi kabisa, ndiyo maana sikio lako halishtuki ukiziandika.

Kwa Tanzania kuna jambo la pili. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu, halafu kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza kwa mkupuo. Mwanafunzi anajifunza kujibu mtihani wa Biolojia kabla hajajifunza kumwomba mteja radhi. Mtu anaweza kueleza usanisinuru bila kigugumizi na bado akakwama kwenye barua pepe ya mistari minne. Hilo si upungufu wa akili na halistahili aibu. Isitoshe, makosa ya aina hii hujirudia yale yale, kwa hiyo yanatafutika.

2. Nirudie sarufi yote au kuna njia fupi?

Usirudie yote. Chukua barua pepe kumi za mwisho ulizoandika mwenyewe, uzipitie mara tatu, kila mara ukitafuta kitu kimoja: kwanza nyakati za vitenzi (swali la 4 hadi la 7), kisha nomino pamoja na "a", "an" na "the" (swali la 8 na la 9), mwisho vihusishi (swali la 11 na la 12). Ukiwinda vyote kwa pamoja hutaona kitu.

Kosa lililotokea zaidi ya mara mbili liandike kwenye daftari pamoja na sentensi nzima iliyo sahihi. Usiandike kanuni peke yake. Ukiwa na haraka, bosi amesimama mlangoni, ni sentensi utakayoikumbuka.

Zana moja inatosha kuanzia: kamusi ya wanaojifunza. Za Oxford, Cambridge na Longman zinapatikana bure mtandaoni. Usiishie kwenye maana. Tazama kama nomino ina alama ya C au neno "countable", yaani inahesabika, au U au neno "uncountable", yaani haihesabiki, na soma mifano kuona kitenzi kinafuatana na kihusishi gani au hakihitaji chochote.

3. Nifuate Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani?

Fuata cha ofisi yako, na usichanganye ndani ya waraka mmoja. Tanzania, Kenya na Uganda shule na serikali hufuata tahajia ya Uingereza: "centre", "labour", "cheque", "programme". Mwajiri wa Marekani atategemea "center", "labor", "check", "program". Mashirika ya Umoja wa Mataifa yana mtindo wao unaowachanganya wengi: tahajia ni ya Uingereza, lakini huandika "organization" kwa z.

Kabla hujaanza kuandika, weka lugha ya programu yako ya kuandikia. Kompyuta nyingi huja zimewekwa Kiingereza cha Marekani, nayo itakupigia mstari mwekundu chini ya "labour" ambayo ni sahihi kwako.

## Nyakati za vitenzi

4. Kwa nini "I have received your email yesterday" ni kosa?

Kiambishi -me- cha Kiswahili hakigombani na siku: nimefika jana, nimeongea naye juzi. Wakati timilifu wa Kiingereza, ule wa "have" au "has", haukubali wakati uliokwisha kufungwa. Ukitaja "yesterday", "last week", "in 2022" au "on Monday", tumia wakati uliopita wa kawaida: "I received your email yesterday."

Usipotaja siku, na jambo lenyewe likawa na uzito sasa hivi, "have" ni sawa: "I have received your email." Kuna mpaka mmoja mwembamba. "I have spoken to the client this morning" inafaa ikiwa bado ni asubuhi. Ukiandika mchana, asubuhi imeshafungwa, kwa hiyo "I spoke to the client this morning".

5. "I am working here since 2019" ina tatizo gani?

Kiswahili husema "ninafanya kazi hapa tangu 2019" kwa wakati uliopo. Kiingereza kinadai wakati unaounganisha zamani na sasa: "I have worked here since 2019" au "I have been working here since 2019".

"Since" hufuatwa na mwanzo: "since 2019", "since March". "For" hufuatwa na urefu: "for six years". "Since six years" ni kosa la mara kwa mara kwenye usaili, na hutokea dakika ya kwanza kabisa, pale unapoulizwa habari zako.

6. Naweza kusema "If the supplier will deliver tomorrow"?

Hapana. Upande wa "if" hubaki kwenye wakati uliopo hata kama jambo ni la kesho: "If the supplier delivers tomorrow, we will start on Friday." Vivyo hivyo kwa "when", "as soon as", "until" na "before": "I will call you when I arrive."

Kwa -nge-: "If we had more staff, we would finish." Kwa -ngali-: "If we had known, we would have told you." Usiandike "If we would have known". Wapo wazungumzaji wazawa wanaosema hivyo, lakini kwenye maandishi ya kazi huhesabiwa kosa.

7. Vipi kuhusu "Am requesting" na "I am having"?

"Am requesting" imekosa mtenda. Kwa Kiswahili mtenda yumo ndani ya kitenzi, ni- ya "ninaomba", hivyo "Am" huonekana imejitosheleza. Haijajitosheleza. Andika "I am" au "I'm". Kosa hili limeenea mno kwa sababu ya meseji za simu, na kwenye barua rasmi huonekana papo hapo.

"I am having" haifai kwa umiliki. Vitenzi vya hali kama "have", "know", "need", "want", "understand" na "believe" kwa kawaida havivai "-ing": "I have two questions", "We need more time". "I am having lunch" ni sahihi kwa sababu hapo "have" ni tendo la kula.

## Nomino na viwakilishi

8. Ni nomino zipi zisizokubali wingi?

Zinazotusumbua ofisini ni hizi: "information", "equipment", "furniture", "advice", "feedback", "stationery", "luggage", "research", "evidence", "machinery", "correspondence". Kwa Kiswahili taarifa, vifaa, samani na ushahidi vinaelea vizuri katika wingi au havijali; ndiyo sababu tunaandika "informations" na "equipments". Ukitaka kuhesabu, weka neno la kuhesabia mbele: "two pieces of equipment", "a piece of advice".

"Staff" ni kundi zima. Mfanyakazi mmoja ni "a member of staff". Watatu ni "three members of staff". "Three staffs" hapana. "Leave" kwa maana ya likizo pia haihesabiki: "I took five days' leave", si "five leaves", ambayo ni majani matano.

Na "agenda" ni orodha nzima. Kwa Kiswahili tunasema kikao kina ajenda tano. Kwa Kiingereza kikao kina "an agenda with five items".

9. Nitajuaje kuweka "a", "an", "the" au kuacha wazi?

Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu Kiswahili hakina kitu kinacholingana nalo. Jiulize maswali mawili kwa mpangilio huu.

Je, msomaji anajua ninazungumzia kipi hasa? Kama anajua, kwa sababu nimeshakitaja au kipo kimoja tu hapa, ni "the": "Please sign the contract." Kama hajui, uliza la pili: kinahesabika, na ni kimoja? Kama ndiyo, "a" au "an": "We signed a contract with a new supplier." Kama ni vingi au hakihesabiki, acha wazi: "We buy equipment from local suppliers."

Mfano mfupi unaoonyesha yote: "We hired a driver. The driver has experience." Mara ya kwanza msomaji hamjui dereva, mara ya pili anamjua, "experience" hapo haihesabiki. Nomino ya umoja inayohesabika karibu kamwe haisimami uchi. "I am driver" na "She is accountant" ni makosa.

Kati ya "a" na "an", sikiliza sauti ya kwanza, usitazame herufi: "an hour", "an NGO", "an MP", "an HR officer", lakini "a university", "a UN agency", "a one-year contract".

10. Mkurugenzi wetu ni mama, lakini nikiongea haraka nasema "he". Nifanyeje?

A- ya "anasema" haina jinsia, hivyo ubongo haujazoea kuchagua. Kwenye mazungumzo, rudia cheo badala ya kiwakilishi: "The Director has approved it." Kwenye maandishi, kabla ya kutuma tafuta "he", "his" na "him" kwa kitufe cha kutafutia maneno, ukague kila moja. Kumbuka "his" na "her" hufuata mwenye kitu, si kitu: mama akija na mumewe, ni "her husband".

Usipojua jinsia ya mtu, "they" ya mtu mmoja inakubalika: "Each applicant should bring their certificates."

Kosa la jirani ni kumtaja mtenda mara mbili: "My boss he told me". Kwa Kiswahili "bosi wangu ameniambia" ina bosi na a-. Kwa Kiingereza chagua moja.

## Vihusishi

11. Ni vitenzi gani tunavibebesha vihusishi bure?

"Discuss" haitaki "about": "We discussed the budget." "Emphasise" haitaki "on". "Request" ikiwa kitenzi haitaki "for": "We request your approval", ikiwa nomino inaitaka: "a request for approval". "Await" haitaki "for". "Comprise" haitaki "of". "Attend" kwa maana ya kuhudhuria kikao haitaki "to". "Return" na "repeat" hazitaki "back" wala "again".

Vingine vinataka kihusishi tofauti na tulichozoea: "result in", si "result to", "different from", si "different with", "arrive at the office" na "arrive in Mombasa", si "arrive to".

12. Kwa nini "explain me" ni kosa wakati "tell me" ni sahihi?

"Tell", "give", "send" na "show" humpokea mtu moja kwa moja. "Explain", "suggest", "report" na "say" humtaka mtu apite mlango wa "to": "Please explain the procedure to me." Kwa Kiswahili kiambishi cha mtendwa huingia popote, nieleze, nipendekezee, niambie, hivyo hakuna kinachokuonya. Hapa hakuna kanuni ya kukuokoa. Ni kukariri kwa sentensi.

13. "By Friday", "before Friday", "until Friday": tofauti iko wapi?

Tofauti hii inagharimu watu zabuni. "By Friday" maana yake Ijumaa imo, ndiyo mwisho. "Before Friday" maana yake Alhamisi ndiyo mwisho. "Until Friday" ni ya jambo linaloendelea mfululizo hadi Ijumaa: "The office is closed until Friday." Tunaposema "tuma mpaka Ijumaa" tunamaanisha "by". "Send the report until Friday" haieleweki vizuri.

"Within two weeks" ni wakati wowote kabla wiki mbili hazijaisha. "In two weeks" ni wiki mbili zikishatimia. Mteja aliyeahidiwa "in two weeks" hatarajii mzigo wiki ya kwanza.

## Saa, tarehe na fedha

14. Nitaepukaje kukosea saa za mikutano?

Saa zetu huhesabu kuanzia alfajiri na magharibi. Za Kiingereza huhesabu kuanzia usiku wa manane na saa sita mchana. Tofauti ni saa sita. Saa mbili asubuhi ni "8:00 am", saa nane mchana ni "2:00 pm", saa kumi na moja jioni ni "5:00 pm". Saa sita mchana andika "12 noon", maana "12 pm" huwachanganya hata wenyewe.

Mtego mkubwa ni usiku. Kwetu saa nane usiku wa Jumamosi ni usiku ule ule ulioanza Jumamosi magharibi. Kwa Kiingereza ni "2:00 am on Sunday", kwa sababu tarehe imeshabadilika usiku wa manane. Tiketi ya ndege iliyoandikwa 02:00 Jumapili inakutaka uwe uwanjani Jumamosi usiku. Watu hukosa ndege kwa hili.

Ukiwa na watu wa nchi nyingine, ongeza ukanda wa saa: "3:00 pm EAT", yaani East Africa Time, saa za Afrika Mashariki. Sisi hatusogezi saa mwaka mzima, lakini London husogeza, hivyo tofauti yetu nao ni saa tatu wakati wa baridi yao na mbili wakati wa kiangazi.

15. Tarehe na fedha je?

Usitume 04/05/2026. Mwingereza atasoma 4 Mei, Mmarekani atasoma Aprili 5. Andika mwezi kwa jina: "4 May 2026".

Laki haipo kwenye Kiingereza cha kawaida. Mwenzako Mhindi ataielewa kwa kuwa nao wanayo, mwingine hataielewa. Laki mbili na nusu ni "two hundred and fifty thousand". Baada ya namba, "hundred", "thousand" na "million" hazipokei s: "three million shillings".

## Barua, barua pepe na CV

16. "Kichwa cha habari hapo juu chahusika" naiandikaje kwa Kiingereza?

Huiandiki. "The heading above is concerned" haina maana kwa msomaji wa nje. Mstari wa kwanza utaje shabaha: "I am writing to apply for the post of Accounts Assistant." Kama unajibu barua: "Thank you for your letter of 4 May 2026."

Ukianza na "Dear Sir or Madam", malizia "Yours faithfully". Ukianza na jina, "Dear Ms Mrema", malizia "Yours sincerely". Wamarekani hutumia "Sincerely" kwa zote. Baada ya "Mr" na "Ms" huja jina la ukoo. "Mr John", kama John ni jina la kwanza, ni desturi yetu ya heshima, lakini kwa mgeni husikika vibaya. "Ms" inafaa kwa mwanamke yeyote ambaye hujui hali yake ya ndoa.

17. Nitaombaje kitu kwa adabu bila kuonekana naamuru?

"Naomba" hubeba adabu yote ndani yake. "I want the report" haina adabu hata ukiongeza "please" mwishoni. Tumia "Could you please send me the report by Thursday?" Kwa jambo zito au mtu mkubwa: "I would be grateful if you could..." Kwa upande wa pili, "Kindly" ikirudiwa kila sentensi huanza kusikika kama amri ya mkuu wa shule. Mara moja inatosha.

18. Naomba kuona barua pepe ikisahihishwa.

Hii ina makosa mengi ya ukurasa huu:

*Dear Madam, Am writing to inform you that we have received your order yesterday. We are having two equipments in stock but other staffs is still discussing about the price. Kindly revert back until Friday. Looking forward to hear from you.*

"Am" imekosa "I". "Have received" imegongana na "yesterday". "Are having" ni umiliki. "Equipments" na "staffs" hazihesabiki, na "is" haikubaliani na wingi. "Discussing about" imebeba mzigo wa bure. "Revert back until" ina makosa mawili (swali la 13 na la 24). Mwishoni, baada ya "look forward to" kitenzi huvaa "-ing". Ikinyooshwa:

*Dear Madam, I am writing to confirm that we received your order yesterday. We have two machines in stock, but my colleagues are still discussing the price. Could you please reply by Friday? I look forward to hearing from you.*

"Two pieces of equipment" ingekuwa sahihi pia, lakini kumtajia mteja kitu chenyewe ni bora zaidi.

19. Makosa gani huonekana zaidi kwenye CV na usaili?

"My names are" ndilo la kwanza. Hata ukiwa na majina matatu ni "My name is". La pili ni nyakati: kazi iliyopita kwa wakati uliopita, "Prepared monthly payroll", kazi ya sasa kwa wakati uliopo. La tatu ni alama ya ritifaa: "five years' experience" au "five years of experience". Linapokuwa kivumishi, s huondoka: "a five-year contract".

## Vikao na mazungumzo

20. Muhtasari wa kikao huandikwa vipi?

Kwa wakati uliopita na bila hisia: "The Chairperson welcomed members." "It was agreed that the Accountant would submit the figures by 10 June." Angalia "will" imegeuka "would". Yatokanayo ni "Matters arising", mengineyo ni "Any other business", waliotoa udhuru huwekwa chini ya "Apologies". Kila uamuzi uwe na mhusika na tarehe.

Tahadhari ukiwa na Wamarekani: kwa Mwingereza "to table a proposal" ni kuileta ijadiliwe, kwa Mmarekani ni kuiweka kando. Andika "presented" au "postponed", ugomvi uishe kabla haujaanza.

21. "Pole na kazi", "kazi njema", "nakuja": nisemeje?

"Sorry for work" haieleweki, sema "I hope your day is going well." "Good work" maana yake umefanya vizuri, kwa hiyo ukimwambia mtu anayeanza zamu atashangaa kasifiwa nini, sema "Have a good day." Unapotoka na kusema "nakuja", sema "I'll be right back". Kusema "I'm coming" huku unaondoka huacha watu njia panda. "Karibuni kwa maswali" ni "Do you have any questions?" Kwenye simu, "hayupo" ni "She's not in at the moment", na "nani mwenzangu?" ni "May I ask who's calling?"

"Sorry" ya kumpa mtu pole inaeleweka vizuri kati yetu. Mbele ya mgeni inaweza kuonekana umekubali kosa. Sema "I'm sorry to hear that."

22. Nikiulizwa "Haven't you sent it?" nijibu "yes" au "no"?

Kwa Kiswahili "hujatuma?" hujibiwa "ndiyo, sijatuma", yaani unakubaliana na muulizaji. Kwa Kiingereza jibu hufuata ukweli wa tendo: hujatuma, ni "No, I haven't"; umetuma, ni "Yes, I have". Usiishie kwenye neno moja. "Yes" tupu hapa imeshasababisha malipo kudhaniwa yametoka.

23. Matamshi yanaathiri maandishi?

Sana. Kiswahili kina irabu tano, hivyo "fill" na "feel", "live" na "leave", "work" na "walk" husikika mamoja kwetu, kisha huandikwa kwa kubahatisha: "Please feel the form", "I want to live early". Programu ya kusahihisha tahajia mara nyingi huyapitisha, kwa sababu yote ni maneno halali. Yaweke kwenye daftari la swali la 2.

## Hali za pekee

24. "Revert" na "do the needful" ni makosa?

Zinaeleweka Afrika Mashariki na India. Uingereza, "revert" kimsingi ni kurudi katika hali ya awali, na "do the needful" husikika ya kizamani. Ndani ya ofisi yako hakuna ubaya. Kwa wa nje andika "reply", na taja kitendo chenyewe unachotaka kifanyike.

25. Naandika ripoti ya ajali kazini. Niangalie nini?

Sehemu za mwili kwanza. Mguu kwetu ni kuanzia nyonga hadi unyayo. Kiingereza hugawa "leg" na "foot". Mkono hugawanyika "arm" na "hand". Kidole cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe". Ukiandika "leg injury" wakati nondo imeangukia vidole vya mguu, ripoti yako haitalingana na fomu ya daktari, na bima itauliza. Andika: "A steel bar fell on his right foot and injured two toes."

Tumia mfumo wa saa 24, kama "14:00" kwa saa nane mchana (tazama swali la 14), na taja upande, kulia au kushoto. Andika kilichoonekana, si unachokisia: "The floor was wet", si "He was careless".

26. Kwenye mkataba, "shall", "should" na "may" zina uzito sawa?

Hapana. "Shall" na "must" ni wajibu. "Should" ni ushauri. "May" ni ruhusa. Ikiandikwa "The employer may pay a bonus", hujaahidiwa kitu. "May not" nayo ina utata, kukatazwa au kutokuwa na uhakika. Ukiiona kwenye mkataba wako, omba iandikwe upya kabla ya kusaini.

27. Kwa nini nisiachie mashine itafsiri au isahihishe?

Itumie kusahihisha ulichoandika mwenyewe, kisha soma kila badiliko. Ukiipa Kiswahili itafsiri, hukwama palepale tunapokwama sisi: "amesema atafika saa tatu" haina jinsia wala haisemi kama ni saa ya Kiswahili, na mashine itachagua yenyewe. Kagua "he" na "she", saa, laki na majina ya watu. Mishahara, taarifa za wateja na mikataba usizibandike kwenye huduma ya bure. Badilisha majina na namba kwanza, au uliza idara yako ya teknolojia ni programu gani imeruhusiwa.

28. Bosi wangu ndiye mwenye makosa kwenye barua ninayotakiwa kuituma. Nifanye nini?

Tenganisha kosa la mtindo na kosa la maana. La mtindo, kama "kindly" nne, liache. La maana, kama "before" mahali pa "by" au 04/05, mfuate faragha kabla barua haijatoka, na uweke swali kwenye msomaji badala ya sarufi: "Mzee, mteja akisoma hapa anaweza kudhani mwisho ni Alhamisi. Niandike tarehe kamili?" Mara nyingi atakubali, kwa kuwa umemlinda yeye pamoja na kazi. Ukiwa na ruhusa ya kuhariri, mrudishie nakala inayoonyesha mabadiliko yako ili aidhinishe mwenyewe.